Hesabu Anaijua, Lugha Ndiyo Inayomshinda

Jioni moja hapa Mwanakwerekwe jirani yangu aliniletea daftari la mwanawe wa darasa la tano. Lilijaa wino mwekundu. "Dada, huyu mtoto hana akili," alisema, mtoto mwenyewe akisikia.

Nilimwuliza mtoto: mafungu 3 ya mchicha, kila moja shilingi 500, ukitoa noti ya 2,000 chenji yako ngapi? "Mia tano," alijibu upesi. Swali la namna hiyohiyo alilikosa daftarini, kwa kuwa liliandikwa kwa Kiingereza, naye hakulijua neno lenye maana ya "kubaki".

Sisi tulisoma hesabu za msingi kwa Kiswahili. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ndiyo iliyoagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano.

Tufanyeje, akina mama?

Kwanza, kabla hajashika kalamu, mtoto akueleze swali kwa Kiswahili. Pili, maneno yanayomshinda ayaandike na maana zake, machache kila siku. Tatu, mpe hesabu za nyumbani. Mimi ni muuguzi, wangu nawapa za dawa: mililita 5, mara 3 kwa siku, kwa siku 5. Je, chupa ya mililita 60 itatosha? Haitoshi, zinatakiwa 75.

Jirani yangu alimwomba mwanawe radhi. Alifanya vyema, maana mtoto aliyeitwa mjinga huacha kuuliza.