Niachieni Sidii Yangu

Runinga ikikaa sokoni miaka mitano, bei inashuka. Simu ndiyo usiseme, mwaka mmoja tu imeshaporomoka. PlayStation 5 yenye mlango wa sidii ilitoka Novemba 2020 ikiuzwa dola 499 huko Marekani. Agosti 2025, ikiwa inakaribia kutimiza miaka mitano, Sony wakaipandisha hadi dola 549. Xbox Series X ya Microsoft ilianza na dola 499 hizohizo, Mei 2025 ikaenda 599, Oktoba ikafika 649. Hata Nintendo Switch, mashine ya mwaka 2017, nayo ikaongezwa bei mwaka huohuo. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya malori, na sehemu ya kazi yangu ni kuandika uchakavu wa mali: lori likinunuliwa, kila mwaka thamani yake inapunguzwa vitabuni. Sijawahi kuandika lori lililozeeka likapanda bei. Kwa mashine za gemu ningelazimika.

Ninacheza gemu tangu nasoma sekondari, na sasa nina watoto wanaosoma sekondari. Nacheza usiku, vyombo vikishaoshwa. Waliokuwa wanashangaa mwanamke wa umri wangu kushika pedi wameshazoea, na wasiozoea nawafunga mabao matatu kwanza ndipo tuzungumze.

Kuelewa kwa nini bei hizi zinaniuma, turudi kwenye PlayStation 2. Iliingia sokoni Japani Machi 2000, na Marekani Oktoba mwaka huo kwa dola 299. Mei 2002 ilikuwa dola 199. Mwaka 2009 ilikuwa dola 99. Haukuwa ukarimu. Ndani yake kulikuwa na chipu mbili kubwa, moja ya kufanya hesabu na nyingine ya kuchora picha, na kadiri viwanda vilivyojifunza kutengeneza vijia vya umeme vyembamba zaidi, chipu zikapungua ukubwa mpaka zile mbili zikaunganishwa kuwa moja. Sahani ileile ya silikoni ikatoa chipu nyingi zaidi, mashine ikahitaji umeme kidogo na boksi dogo, na gharama ikashuka. Ziliuzwa zaidi ya milioni 155 kabla ya kiwanda kusimama, na sehemu kubwa ya hizo zilinunuliwa na watu ambao mwaka 2000 hawakuweza hata kuigusa.

Siku hizi kupunguza ukubwa wa chipu bado kunawezekana, lakini hakuleti tena unafuu ule. Viwanda vinavyoweza kazi hiyo vinahesabika kwa vidole, TSMC ya Taiwan ikiwa mbele, na kila hatua mpya inadai mitambo ya bei ya kutisha. Juu ya hapo, chipu za kumbukumbu zinagombewa na wajenzi wa vituo vya akili mnemba, watu ambao hawaulizi bei. Mwaka 2025 Marekani nayo ikaongeza ushuru wa bidhaa kutoka nje. Sababu hizo nazikubali, ila si jibu lote. Mwaka 2021 Sony wenyewe walisema PS5 ya dola 499 haiuzwi tena kwa hasara. Nusu nyingine ya jibu, kwa maoni yangu, ni kwamba mpinzani amelegea. Enzi zile Nintendo, Sony na Microsoft walikuwa wanakabana koo, mmoja akishusha bei mwingine anafuata kesho yake. Leo mmoja akipandisha, wenzake wanamfuata.

Hesabu ya haki lazima niitoe hapa, maana kuna vijana wanaolalamika bila kikokotoo. Dola 299 za mwaka 2000 ni zaidi ya dola 550 ukizipima kwa thamani ya pesa ya leo. Gemu moja ya PS2 iliyouzwa dola 50 ingekuwa kama dola 90 sasa. Kwa hiyo Nintendo walipotoa Mario Kart World kwa dola 80 Juni 2025 na dunia ikapiga kelele, mimi sikupiga. Bei ya siku ya kwanza haijawa mbaya kuliko zamani. Kilichokufa ni ule mteremko uliokuwa unafuata baadaye, na sisi wa huku Tanzania tulikuwa tunaishi kwenye mteremko.

Kaka yangu alikuwa na banda la gemu Temeke, na mimi ndiye niliyemshikia daftari. Mashine zake hazikutoka dukani mpya. Zilikuwa za mtumba, nyingine kutoka Japani, zilizokuja wakati wenzetu wa mbele wameshahamia PlayStation 3. Za Japani zilitengenezwa kwa umeme wa volti 100, wetu ni 230. Mwenye haraka aliyeichomeka ukutani bila transfoma alisikia mlio mmoja tu, kisha harufu. Mafundi wa Kariakoo walipata riziki nzuri kwa kubadili mfumo wa umeme wa mashine hizo, na kwa kuzitia chipu ili zisome sidii za kunakili. Sitajifanya mtakatifu: tulicheza za kunakili, kama mtaa mzima. Gemu halisi ya dola 50 ilikuwa mshahara wa mtu.

Biashara ilikuwa hivi. Mechi ya soka ya Winning Eleven inalipiwa, aliyefungwa anampisha anayefuata, aliyeshinda anabaki kitini. Foleni ikiwa ndefu, kaka anafupisha dakika za mechi kimyakimya, na wateja wanajua, na yeye anajua kwamba wanajua. Siku za shule mapato ni ya jioni, Jumamosi ni kutwa. Daftari langu lilionyesha kwamba kilichokula faida hakikuwa umeme wala kodi ya fremu. Ni pedi.

Kile kijiti cha kidole gumba kinakalia vikinza viwili, kila kimoja na utepe mwembamba wa kaboni unaosuguliwa na kidole cha chuma. Utepe ukilika, mashine inadhani umesukuma kijiti wakati mkono wako uko mezani, na mchezaji wako anajiendea kona kama ana mambo yake. Teknolojia ya kuzuia hilo ipo tangu Dreamcast ya Sega ya mwaka 1998, ambayo pedi yake ilitumia sumaku na kitambuzi. Hakuna kinachosuguana, hakuna kinacholika. Robo karne baadaye, pedi ya PS5 iliyotoka kwa dola 70 bado ni ya kusuguana, na Nintendo, waliokwishalalamikiwa sana kwa pedi za Switch kujiendea, wamesema vijiti vya Switch 2 havitumii mfumo huo wa sumaku. Kuna kampuni ndogo za China zinazouza pedi za sumaku kwa bei ya chini. Sioni udhuru. Mtu akiniambia teknolojia ya picha imepiga hatua, namuuliza kwanza habari za kijiti.

Sasa sidii. Najua za leo ni Blu-ray, lakini mtaani kila kitu cha duara kinachong'aa ni sidii, na mimi ni wa mtaani. Kwa daftari langu, sidii ndiyo mali pekee katika gemu. Unaicheza, unamwazima jirani, unambadilishia mwenzako wa Mbagala kwa nyingine, ukiishiwa unaiuza na kurudisha sehemu ya pesa. Za PS4 na PS5 hazichagui nchi: iliyonunuliwa Dubai au London inacheza Temeke bila ubishi.

Ndiyo maana zinachukiwa. Sidii ikiuzwa mara ya pili, mtengenezaji hapati hata senti. Gemu ikinunuliwa kwa kupakua, mwenye duka la mtandaoni anakata kama asilimia 30, na wewe huna cha kumuuzia mtu. Microsoft walijaribu kubana mauzo hayo ya mara ya pili waziwazi mwaka 2013: Xbox One ingedai intaneti kila siku na kuwekea masharti gemu za mtumba. Wachezaji wakawaka, na Sony wakatoa video ya sekunde chache ikiwaonyesha wakubwa wao wawili wakifundisha jinsi ya kuazimana gemu: mmoja anampa mwenzake sidii mkononi, basi. Nilicheka sana. Microsoft wakarudi nyuma Juni mwaka huohuo. Mwaka 2024 Sony haohao wakatoa PS5 Pro ya dola 700 isiyo na mlango wa sidii kabisa. Mlango unauzwa pembeni, dola 80, na ukiufunga lazima kwanza uunganishe intaneti ndipo ukubaliwe. Alichoshindwa mshindani wao kwa kishindo, wao wanakipitisha kwa utaratibu.

Kwa Mmarekani hilo ni usumbufu. Kwetu ni zaidi, kwa sababu duka la PlayStation la mtandaoni halijafunguliwa rasmi Tanzania wala Kenya. Anayetaka kununua anafungua akaunti akijitangaza mkazi wa Marekani au Uingereza, anaandika anwani ya mtaa asioujua, kisha ananunua vocha ya dola kwa mtu wa kati anayejiongezea chake. Mambo yakiharibika, hana pa kulalamika, kwa sababu kwenye karatasi yeye si yeye. Mei 2024 Sony walitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wawe na akaunti ya PlayStation, na gemu ikaondolewa sokoni katika nchi 177 ambako huduma hiyo haipo, Afrika karibu yote ikiwemo. Kelele zilipozidi, sharti la akaunti likafutwa ndani ya siku chache. Lakini siku hizo chache zilinifundisha tunavyoonekana kwenye ramani yao.

Na hata ukilipa, umenunua nini? Ubisoft walitoa The Crew, gemu ya mbio za magari, mwaka 2014. Machi 31, 2024 walizima seva zake, na hata mwenye sidii kabatini akabaki na kioo cha kujitazamia. Huko Ulaya kampeni iitwayo Stop Killing Games ilikusanya saini zaidi ya milioni moja kutaka kampuni ziache gemu katika hali ya kuchezeka zinapoondoka. California wamepitisha sheria, inayofanya kazi tangu Januari 2025, kwamba duka lisiandike “nunua” bila kumweleza mteja kuwa anapewa leseni tu. Sidii yenyewe nayo imeanza kuwa ganda: ile ya Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022 ilikuwa na takribani MB 70, mengine yote unapakua. Fikiria kupakua zaidi ya GB 100 kwa bando la simu.

Pesa tunazolipa zinakwenda wapi, sijui nianzie wapi. Microsoft walitumia dola bilioni 68.7 kuinunua Activision Blizzard, wakakamilisha Oktoba 2023, na Januari iliyofuata wakawaachisha kazi watu 1,900. Mei wakaifunga Tango Gameworks ya Tokyo, waliotengeneza Hi-Fi Rush, gemu iliyosifiwa kila kona. Baadaye Krafton wa Korea Kusini wakaiokoa studio hiyo. Sony walitoa gemu ya Concord Agosti 23, 2024, kwa dola 40, na kuizima Septemba 6. Kazi ya miaka, wiki mbili sokoni. Mwaka uliofuata kikosi cha Montpellier, Ufaransa, Sandfall Interactive, kidogo ukikilinganisha na majitu haya, kikatoa Clair Obscur: Expedition 33 kwa dola 50 na kubeba tuzo ya gemu bora ya mwaka. Nimeimaliza, na sehemu moja nililia, nikasingizia vitunguu. Wakubwa wa kampuni wanapodai gemu nzuri haiwezekani tena bila bajeti ya kujenga daraja, najua wanajitetea kwa wenye hisa.

Mtoto wa kaka yangu alikuja juzi. “Shikamoo shangazi. Nimekusanya hela kidogo, nichukue ipi?” Alikuwa na jicho kwenye PS5 isiyo na mlango, kwa sababu ni nafuu. Nikamwambia mwanangu, unafuu huo utaulipa kwa vocha. Chukua PS4 ya mtumba yenye mlango. Na ukipata siku moja PS5 ya mlango, sidii zako zitahamia nayo. Nenda dukani na sidii yako mwenyewe, uiingize na kuitoa mara kadhaa. Iache mashine icheze nusu saa huku mnapiga soga na muuzaji. Feni ikianza kuvuma kama pikipiki inapanda mlima, vumbi na gundi ya joto vinadai fundi, na hiyo ni hoja ya kushusha bei. Pedi iweke mezani usiiguse, mtazame mchezaji kwenye kioo. Akitembea, dai nyingine.

Akaniuliza, je, ya kufunguliwa, yenye gemu zote ndani? Nikamwambia hizo ni za mabandani. Haziingii mtandaoni, na yeye anataka kucheza na binamu zake walioko Muscat. Akapiga hesabu kwenye simu, akaguna, akaomba nimwongezee elfu hamsini.

Nimempa thelathini, na FIFA 23 yangu kwa mkopo. Ndiyo ya mwisho yenye jina hilo kabla EA hawajaachana na FIFA, na ninaitaka irudi.