Kwani Chumvi Ina Mdomo?

Haya, wanangu wa Eldas, sogeeni kwa Abti, mjomba wenu. Leo mwalimu wetu ni kiazi.

Leteni vikombe viwili vya maji. Yawe maji ya mvua, maana visima vingi vya Wajir yetu vina chumvi, na chumvi ndiyo tunayoichunguza. Kikombe kimoja kitieni vijiko viwili vikubwa vya chumvi, mkoroge. Mama awakatie vipande viwili vyembamba vya kiazi. Kila kikombe, kipande chake. Sasa subirini muda wa saa 2.

Vitoeni, mvipinde. Cha maji matupu kinajidai: "Mimi nimeshiba!" Ukikipinda, kinakatika tak! Cha maji ya chumvi kinalalamika: "Maji yangu yameniacha!" Kimelegea, kinapindika bila kukatika.

"Abti, chumvi imeyanywa maji yake? Kwani ina mdomo?"

Ahsante, mwanangu! Swali kama hilo ndilo ninalolipenda. Haina mdomo. Kiazi kimejengwa kwa seli, vijumba vidogo mno, na kila seli imezungushiwa utando. Utando huo ni kama ua wa miiba wa zizi. Vitoto vya mbuzi hupenya, ngamia hukwama. Maji hupenya, chumvi hukwama.

Maji hayatulii. Yanatoka, yanaingia, yanatoka, yanaingia. Lakini palipo na chumvi nyingi, maji yanayorudi ni machache. Yanayotoka yanazidi yanayoingia. Seli inanywea, kipande kinalegea.

"Na kile kilichoshiba?"

Ndani ya kiazi mna chumvi kidogo na sukari kidogo. Kwenye maji matupu, yanayoingia ndiyo yanayozidi. Seli inajaa, kipande kinakaza. Safari hiyo ya maji inaitwa osmosisi.

"Abti, na ngamia wetu?"

Mashaallah, umefika mbali! Ngamia mwenye kiu kali anaweza kunywa lita 100 kwa dakika 10 hivi. Damu yake inazimuliwa kwa maji. Seli zake nyekundu zinaingiwa na maji, kama kile kipande kilichoshiba. Seli za wanyama wengi zingepasuka. Za ngamia hazipasuki upesi. Zetu ni za mviringo, zake zina umbo la yai, na utando wake ni imara. Zinaweza kuvimba zaidi ya mara mbili ya ujazo wake, naye akainua shingo na kuondoka kisimani mzima.