Mtoto Akisahau Tuliyomtuma

Ni mara ngapi tumemtuma mtoto dukani alete chumvi, kiberiti, sabuni na majani ya chai, naye akarudi na chumvi peke yake? Tukamwita mzembe, pengine tukamchapa.

Akina mama wenzetu, kabla ya kushika fimbo tukumbuke kwamba akili hushika mambo machache kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 mtaalamu wa Marekani, Nelson Cowan, alieleza kuwa hata mtu mzima hushika kama manne tu. Mtoto mdogo hushika pungufu.

Jioni, chakula kikiwa jikoni, tucheze naye. Tuweke kwenye sinia vitu sita: kijiko, kitunguu, ufunguo, kifungo, kitana na limau. Avitazame kidogo, tuvifunike kwa kanga, kisha avitaje. Au mmoja aseme, "Nilikwenda sokoni nikanunua nyanya." Wa pili arudie na kuongeza bamia, wa tatu aongeze nazi, mpaka mmoja akosee. Akikosea tucheke pamoja naye, tusimcheke.

Tusidanganyane: mchezo huu peke yake hautamfanya awe wa kwanza darasani. Lakini atajifunza kurudia kimoyomoyo, na kupanga vitu kwa mafungu, vya kupikia mbali na vya kufulia. Nasi tutajifunza kumtuma vitu viwili, avirudie kabla hajatoka mlangoni.

Fimbo haimkumbushi mtoto. Akiwa na hofu, hata hivyo viwili atavisahau njiani.