Nafsi ipi? Kabla hujaandika hadithi ya mhusika umpendaye, amua nani anasimulia

Kitabu kimeisha, au tamthilia imekatwa pale pale patamu, lakini wahusika bado wanakuzunguka kichwani. Unashika simu na kuanza kuandika ya kwako. Vipi kama asingekufa? Vipi kama yule mama aliyekuwa pembeni muda wote angeongea?

Hizi ndizo hadithi za mashabiki: hadithi mpya zinazotumia wahusika wa kazi ya mtu mwingine. Majukwaa kama Wattpad, lililoanza mwaka 2006, yamejaa hadithi za aina hii.

Na wengi hukwama kwenye sentensi ya kwanza kabisa. "Nilifungua mlango" au "Alifungua mlango"?

Shuleni jambo hili lilikuwa jepesi. Unaandika "mwandishi ametumia nafsi zote tatu", unapata alama yako, unahamia kwenye tamathali za semi. Ukiwa mwandishi mwenyewe haliishi hivyo. Kuchagua nafsi ni kuamua nani alikuwepo, aliona nini, na nini hakukijua.

Msomaji ameshajua mwisho

Kwa hadithi ya mashabiki uamuzi huu ni mzito kuliko kwa riwaya mpya, kwa sababu msomaji anajua kilichotokea. Tukio halitamshtua tena. Kipya unachoweza kumpa ni macho mengine ya kulitazamia.

Chukua Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Waliosoma wanamkumbuka Zakaria, baba mlevi, anavyompiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya kijana aitwaye Charles. Kezilahabi anasimulia kwa nafsi ya tatu. Sasa tuseme shabiki anataka kuliandika upya tukio hilo. Anaweza kumpa kalamu Regina, mama yake Rosa:

"Nilisikia kipigo kabla sijasikia sauti ya mwanangu. Nikasimama. Miguu ikagoma."

Au abaki kwenye nafsi ya tatu, lakini asogee karibu na Zakaria:

"Barua ilikuwa na mistari michache tu. Zakaria aliisoma mara tatu, na kila mara aliwaona watu wa kilabuni wakimcheka."

Tukio ni lile lile. La kwanza linamweka msomaji upande wa pili wa ukuta, pamoja na mama ambaye mwili umemkatalia. La pili linamwingiza kwenye kichwa cha mtu anayemchukia. Hili la pili ni gumu zaidi, maana kumwelewa mtu na kumtetea ni vitu viwili, na mwandishi akiteleza kidogo wasomaji watamuuliza yuko upande gani.

Lakini na la kwanza lina mtego wake. Ukishampa Regina "ni-", kila sentensi inatakiwa itoke kinywani mwa mama wa kijijini Ukerewe wa enzi zile. Akianza kuongea kama mwanachuo wa Dar es Salaam wa leo, msomaji anakusikia wewe, si yeye. Kama hujiamini na sauti yake, nafsi ya tatu iliyo karibu na mhusika inasamehe makosa mengi.

Anayejua kila kitu asishike kalamu

Wapelelezi wana shida ya peke yao. Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle yumo kwenye riwaya 4 na hadithi fupi 56, na karibu zote zinasimuliwa na rafiki yake, Dk. Watson. Watson haoni anachokiona Holmes, kwa hiyo msomaji anasubiri pamoja naye.

Mwaka 1926 Doyle alimpa Holmes mwenyewe kalamu, kwenye hadithi mbili. Katika mojawapo, The Adventure of the Blanched Soldier, Holmes anakiri kwamba anamhitaji Watson: yule aliweza kuficha viungo vya mkasa hadi mwisho. Anayejua kila kitu akisimulia, ama anatoboa siri mapema, ama anamficha msomaji mambo aliyonayo kichwani, na msomaji anahisi ametapeliwa.

Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliyeanza na Mzimu wa Watu wa Kale (1960), naye ana rafiki wa karibu, Najum. Shabiki anayetaka kumrudisha Bwana Msa leo atafaidi zaidi akitembea na Najum kuliko kuingia kichwani mwa mwenye kiko.

Stephenie Meyer alijaribu kinyume chake na akafanikiwa kupata njia. Twilight (2005) inasimuliwa na Bella. Mwaka 2020 akatoa Midnight Sun, kisa hicho hicho kikisimuliwa na Edward, ambaye husikia mawazo ya watu wote isipokuwa ya Bella. Hilo moja asilolisikia ndilo linaloibeba hadithi.

Tatizo la "a-"

Ushauri mwingi mtandaoni umeandikwa kwa Kiingereza, ambako "he" na "she" hutenganisha watu. Kiswahili hakina hilo. Soma hii: "Alimtazama, akamshika mkono, akamwambia aondoke." Nani kamshika nani? Watu wawili tu na tayari ni vurugu. Wakiwa watatu, basi tena.

Wengi hutatua kwa kurudia majina mpaka yanachosha. Kuna njia nzuri zaidi, na tunaitumia nyumbani kila siku: namna watu wanavyoitana. Kwa Regina, Zakaria ni "baba Rosa". Kwa Rosa ni "baba" tu. Kwa watu wa kilabuni ni "Zakaria". Ukiandika "Baba aliingia", msomaji anajua yuko machoni pa mtoto hata kama hakuna "ni-" popote. Aya hiyo hiyo ukiandika "mume wake alikaa", umehama kichwa bila kuaga. Kama ni lazima uhame, subiri tukio liishe, ruka mstari.

Kukosa jinsia huko huko kunasaidia kwenye hadithi za nafsi ya pili, zile ambazo msomaji mwenyewe anaingizwa ndani: "Unafungua mlango, naye amesimama hapo." Hata wahusika wengine wakikuulizia, "amefika?", haijulikani kama ni mwanamke au mwanamume. Ila ukitia "dada" mara moja tu, wanaume wote umewaacha nje. Na mtindo huu unafaa kwa hadithi fupi. Sura kumi za "unafanya, unahisi, unalia" humfanya msomaji ajibu kimoyomoyo kwamba mimi sihisi hivyo.

Bado hujui uchague nani? Andika aya moja ile ile mara mbili kwenye simu, kila moja na msimulizi wake, kisha anza kufuta. Angalia ni aya ipi inayokulazimisha kukata sentensi nzuri kwa sababu "huyu asingeweza kulijua hili". Mara nyingi hiyo ndiyo ya kuendelea nayo.