Kipimo cha Kidonge chenye Kamera: Kwa Nini Mgonjwa Husafishwa Utumbo Kwanza

Mgonjwa anayetakiwa kumeza kidonge chenye kamera ili kuchunguzwa utumbo mwembamba hupewa kwanza maelekezo: ale nini, aache nini, anywe dawa gani na saa ngapi. Maelekezo hayo ni sehemu ya kipimo chenyewe, kwa kuwa kidonge kikishamezwa hakuna mtaalamu anayeweza kukisafishia njia.

Teknolojia hiyo ilitokana na kazi ya mhandisi wa Israel, Gavriel Iddan, na iliidhinishwa kutumika nchini Marekani mwaka 2001. Kidonge kina urefu wa takriban milimita 26 na upana wa milimita 11. Kikisukumwa na misuli ya utumbo, hupiga picha mbili au zaidi kila sekunde kwa muda wa saa 8 au zaidi, na kuzituma kwenye kifaa cha kunasia kinachovaliwa kiunoni. Picha hizo huweza kuzidi 50,000. Kipimo hutumika zaidi kutafuta chanzo cha damu inayovuja tumboni, au cha upungufu wa damu usiojulikana sababu, pale ambapo uchunguzi wa tumbo na utumbo mpana kwa mpira wenye kamera haujaonesha tatizo.

Daktari anapotumia mpira wenye kamera, huweza kunyunyiza maji, kufyonza uchafu na kupuliza hewa ili kuona vizuri. Kidonge hakina uwezo huo. Mabaki ya chakula, nyongo au mapovu yakifunika kidonda au mshipa unaovuja damu, kidonge hupita bila kurudi nyuma. Dosari yenye upana wa milimita chache huweza kuonekana katika picha moja au mbili tu. Uchafu huwa mwingi zaidi katika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba.

Kwa kawaida, siku moja kabla ya kipimo mgonjwa hula chakula chepesi kisicho na nyuzinyuzi nyingi, kisha hubaki na vinywaji vinavyopenyeza mwanga, kama maji na chai isiyo na maziwa. Vinywaji vyekundu au vya zambarau huepukwa kwa sababu rangi yake huweza kudhaniwa kuwa damu. Hufuata mfungo wa takriban saa 10 hadi 12 kabla ya kumeza kidonge.

Vituo vingi huongeza dawa ya kusafisha utumbo, polietilini glaikoli, ambayo huchanganywa na maji, mara nyingi lita 2, na kusababisha kuharisha. Dawa ya simethikoni hutolewa ili kuvunja mapovu. Tafiti zimeonesha kuwa dawa hizo huongeza uwazi wa picha, ingawa matokeo yanatofautiana kuhusu kiasi zinavyoongeza idadi ya magonjwa yanayogunduliwa. Vidonge vya madini ya chuma husimamishwa siku kadhaa kabla, kwa ushauri wa daktari, kwa kuwa huacha rangi nyeusi utumboni.

Wenye kisukari, ugonjwa wa moyo au wa figo wanapaswa kumweleza daktari mapema ili mfungo na dawa vipangwe kulingana na hali zao. Vivyo hivyo kwa wajawazito, wenye tatizo la kumeza, waliowahi kupasuliwa utumbo, wenye ugonjwa wa Crohn na waliotumia dawa za maumivu kwa muda mrefu. Baadhi yao huweza kuwa na utumbo uliobana, na kidonge kikanasa.

Baada ya kumeza, maji huruhusiwa kwa kawaida baada ya saa 2 na chakula chepesi baada ya saa 4. Kidonge hutoka kwa njia ya haja kubwa. Mgonjwa hapaswi kufanyiwa kipimo cha MRI kabla ya kuthibitika kuwa kimetoka. Akipata maumivu makali ya tumbo au kutapika, aende hospitali mara moja.

Aliyekula kwa kusahau, au aliyetapika dawa ya kusafishia, anashauriwa kumweleza mhudumu kabla ya kumeza kidonge. Kipimo kinaweza kupangiwa siku nyingine, lakini kidonge kimoja hakitumiki mara mbili, na picha zilizofunikwa na uchafu haziwezi kumpatia daktari jibu.