Jino la kauri: Mwenye hisa na asubiri mfupa

BIASHARA ya vipandikizi vya meno, yaani mizizi ya bandia inayokazwa ndani ya taya, imekuwa mikononi mwa titaniamu kwa miongo kadhaa. Hivi sasa kauri nyeupe iitwayo zirkonia inagombea sehemu ya soko hilo, ikipendwa kwa kuwa haina rangi ya chuma ya kuonekana kwenye fizi. Kwa mwekezaji mdogo swali ni moja: je, mfupa utaikubali na kuishikilia kwa miaka mingi?

Titaniamu ilijibu swali hilo zamani. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua kwamba metali hiyo ilishikamana na mfupa wa sungura hata ikawa vigumu kuitoa. Mgonjwa wa kwanza alipandikizwa mwaka 1965.

Kauri nayo haitumii gundi wala saruji. Daktari hutoboa taya na kukikaza kipandikizi kama skurubu kwenye ubao. Siku za mwanzo kinashikiliwa kwa kubanwa tu. Damu huganda kukizunguka, protini zake hutanda juu ya kauri, kisha chembe hai zinazojenga mfupa huweka mfupa mpya hadi ukagusana na kauri.

Kipindi cha hatari ni majuma machache ya mwanzo, ambapo mfupa wa zamani uliobanwa huondolewa na mwili kabla ule mpya haujakomaa. Kipandikizi kikitikisika wakati huo, hujengeka nyama ya nyuzinyuzi mahali pa mfupa, na gharama yote hupotea. Ndiyo maana wagonjwa wengi hungoja miezi kadhaa kabla ya kuwekewa jino la juu.

Thamani ya bidhaa hii iko kwenye uso wake. Zirkonia iliyo laini kama kikombe cha chai haishikwi vizuri na mfupa, hivyo viwanda huikwaruza kwa vumbi gumu na asidi hadi iwe na vishimo visivyoonekana kwa macho. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba ikikwaruzwa vyema hukaribiana na titaniamu. Tatizo ni kwamba kauri ni ngumu kuchonga, na ikikwaruzwa kupita kiasi hupungua nguvu.

Soko limewahi kuumia hapo. Vipandikizi vya alumina vilivyobuniwa Tübingen, Ujerumani, katika miaka ya 1970 vilikubaliwa na mfupa, lakini baadhi vilivunjika, na hatimaye vikaachwa. Mwaka 2001 vichwa vya nyonga vya zirkonia vilivyotengenezwa Ufaransa viliondolewa sokoni baada ya kuvunjika. Lawama iliangukia mabadiliko ya tanuri kiwandani.

Straumann ya Basel, ambayo hisa zake zimo katika soko la Uswisi tangu 1998, ilianza kuuza kipandikizi chake cha zirkonia, PURE, mwaka 2014, ikiahidi kupima nguvu ya kila kimoja kabla hakijatoka kiwandani. Nobel Biocare, iliyotokana na kazi ya Brånemark na ambayo tangu 2019 iko chini ya Envista ya Marekani, nayo imeingia katika kauri.

Wafanyabiashara wa pwani ya Kenya wasidanganyike na malighafi. Mgodi wa Kwale, ulioacha kuchimba mwishoni mwa 2024, ulitoa madini ya titaniamu pamoja na zirkoni kutoka mchanga uleule. Hata hivyo, duniani sehemu kubwa ya madini hayo huishia kwenye rangi na vigae. Bei ya tani ya mchanga haipandi kwa sababu ya meno.

Anayefikiria kununua hisa na aulize mambo matatu: uso wa kipandikizi umeandaliwaje, vingapi vimevunjika, na wagonjwa wamefuatiliwa kwa miaka mingapi. Titaniamu ina kumbukumbu za miongo. Zirkonia ya kisasa bado inajenga zake. Mfupa hauna haraka, na mtaji wenye haraka utaumia.