Desturi za Uzinduzi wa Kadi Mpya

Miongoni mwa wachezaji wa Magic: The Gathering, mchezo wa kadi za kukusanya na kubadilishana uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast ya jimbo la Washington nchini Marekani, hakuna siku inayongojwa kama ya uzinduzi wa toleo jipya, ambao hufanyika takriban wiki moja kabla ya kadi hizo kuanza kuuzwa rasmi. Zamani hafla hizi ziliandaliwa katika kumbi kubwa za miji michache. Siku hizi zimehamia katika maduka ya mitaani, ambako muuzaji humjua mteja kwa jina, na pengine ndiyo sababu adabu yake ni ya kijirani kuliko ya kimashindano.

Mshiriki hulipa kiingilio na kukabidhiwa kisanduku chenye pakiti 6 ambazo hazijafunguliwa, kadi moja inayometameta iliyopigwa chapa ya mwaka, na dadu ya pande 20 ya kuhesabia uhai, kwa kuwa kila mchezaji huanza na pointi 20 na anayeishiwa hushindwa. Kutokana na pakiti hizo huunda fungu, yaani kadi zisizopungua 40 za kuchezea, ambazo kwa kawaida 17 kati yake huwa za ardhi, aina inayotoa nguvu ya kulipia nyingine zote na ambayo duka huitoa bure. Uundaji huu, unaochukua kama saa moja, ndio kiini cha hafla: kadi hutandazwa mezani na kupangwa kwa rangi zake tano, nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu na kijani, kisha kwa gharama, huku karatasi za pakiti zikirundikana miguuni na jirani, ambaye baada ya muda mfupi huenda akawa mpinzani, akiulizwa kadi ipi iingie na ipi iachwe.

Kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kuchezea kadi alizotoka nazo nyumbani, husemwa kwamba siku hiyo mkongwe na mgeni wako sawa. Usemi huo una ukweli nusu, maana orodha ya kadi zote hutangazwa siku kadhaa kabla, na mkongwe hufika akiwa amekwisha kuisoma. Kinachomwokoa mgeni ni bahati ya pakiti, ambayo haijali ujuzi wa mtu.

Mchezo wenyewe huwa wa kushinda mara mbili kati ya tatu ndani ya dakika 50, na kabla ya kuanza kila mmoja huchanga fungu lake na kumpa mwenzake alichange tena au alikate, kama wafanyavyo wacheza karata barazani. Hakuna anayetolewa kwa kushindwa, kwani aliyeshinda hupangiwa aliyeshinda na aliyeshindwa mwenziwe. Mwamuzi yupo, lakini kazi yake hapa ni kufundisha zaidi ya kuadhibu. Jambo moja tu halina mzaha: wapinzani wanaweza kukubaliana sare na kugawana zawadi, ila kurusha dadu ili kumpata mshindi ni marufuku, na mgeni asiyeijua kanuni hiyo huweza kuivunja kwa nia njema kabisa.

Baada ya mizunguko huja biashara ya kubadilishana. Albamu hufunguliwa, simu hutolewa ili kutazama bei, na hapo ndipo heshima ya mtu hupimwa hasa, kwa sababu mwenye ujuzi hutarajiwa kumtajia mgeni thamani ya kadi yake kabla ya kuipokea, na anayechukua kimyakimya kadi ya bei kubwa kutoka kwa mtoto hukuta, uzinduzi unaofuata, albamu za wenzake zimefungwa.